Mwezi Popo Walipozaa

Kila mgeni aliyefika pangoni alijaza fomu kabla ya kuvaa kofia ngumu. Swali la kwanza lilimtaka aseme anayapenda mazingira kiasi gani, kuanzia moja hadi tano. Katika miaka sita ya kuongoza wageni, Bi Kimya hakuwahi kuona aliyejipa chini ya tano.

Jina hilo alibandikwa na wenzake, kwa sababu akishafika mdomoni mwa pango hasemi tena, anaonyesha kwa mkono tu. Masharti yake yalikuwa manne: watu wasizidi wanane, tochi ziwe nyekundu, midomo ifungwe, simu zibaki mfukoni. Juu ya vichwa vyao waliishi popo maelfu kwa maelfu, wamebanana hata mwamba hauonekani. Mara moja kwa mwaka walizaa. Vitoto vyao, vidogo kama kidole gumba na visivyo na hata unyoya mmoja, vilikaa vimeng'ang'ania mama zao au mwamba mtupu. Mama akishtuka akaruka, kitoto kilianguka. Na popo hashuki chini kuokota.

Mwezi wa kuzaa ndio ulikuwa umeingia pale kaka yake alipomwita ofisini. Kaka alikuwa mwenyekiti wa chama cha kijiji kilichosimamia pango, na ofisi yake ilikuwa kontena la bati lililotobolewa dirisha moja. Ndani palichemka kama tanuri.

"Keti, dada. Soma mwenyewe," alisema, akimgeuzia kompyuta.

Alisoma maoni ya wageni. Mmoja alisema mwongozaji ni mkali kama askari jela. Mwingine alisema amesafiri siku mbili kuja kutazama giza.

"Hawa ndio wale wanaojipa tano," Bi Kimya alisema.

"Kampuni inayotuletea wageni haijali alama walizojipa. Inajali walizotupa sisi. Wamenipigia jana. Tukiendelea hivi, mwezi ujao wanawapeleka kwingine."

"Basi tufunge wiki sita tu, kaka. Wanazaa. Nakuomba."

"Na muuguzi wa zahanati yetu, anayelipwa kwa viingilio vya pango, nimlipe nini, kinyesi cha popo?" Alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Wifi yako anajifungua mwezi ujao. Unajua yaliyompata mara ile ya kwanza. Muuguzi akiondoka, nimpeleke wapi? Legeza kidogo, dada. Kidogo tu."

Alimtazama kaka yake akijifuta jasho kwa karatasi ya fomu.

"Nitaangalia," alisema.

Nyumbani alimkuta mumewe, fundi baiskeli, amepindua baiskeli uani akinyoosha rimu.

"Nimekubali kulegeza," alimwambia.

"Wewe?" Mumewe aliinua kichwa. "Wewe ambaye hata foronya unakunja kwa masharti?"

Siku nyingine angecheka. Aliingia ndani akalala bila kula.

Asubuhi waliletwa watu kumi na wanne. Aliwahesabu mara mbili, akatazama upande wa kontena, akawapa kofia wote. Mmoja alikuwa mwanamume mrefu mwenye kamera, fulana yake imeandikwa kifuani: Dunia Ni Moja Tu. Alikuwa mpole, mwenye maswali mazuri. Aliokota hata karatasi ya peremende iliyoangushwa na mtu mwingine njiani.

"Picha moja tu, dada, bila flashi," alimnong'oneza ndani ya pango. "Watu wasipoona, watapendaje?"

Bi Kimya alitikisa kichwa kukubali. Moja, alionyesha kwa kidole.

Ikapigwa moja, gizani, haikutoa kitu. Mwanamume akaguna, akabonyeza kitu kwenye kamera, na pango zima likawaka jeupe.

Wengine walidhani ruhusa imetolewa. Simu zikatoka mifukoni, tochi zikawashwa, mtu akapiga mluzi wa mshangao. Dari ikabomoka. Ndivyo ilivyoonekana: dari nzima iliachia na kuruka, upepo wa mabawa ukawapiga usoni, watu wakapiga mayowe. Katikati ya mayowe Bi Kimya alisikia sauti nyingine ndogo, kama matone mazito ya mvua juu ya jani la mgomba.

"Msisogeze miguu!" alipaza sauti, kwa mara ya kwanza mle ndani. "Simameni! Msikanyage!"

Nani wa kumsikiliza? Walikimbilia mwangani, na viatu vyao vikafanya vilivyofanya.

Alipiga magoti. Alivua kilemba akaanza kuviokota, kimoja kimoja, vingine bado vikifungua midomo. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alirudi akilia, akapiga magoti kando yake na kukinga kofia yake. Naye akaokota. Mwenye kamera naye alirudi, machozi yakimlenga, kamera ikiwa jichoni.

"Dunia lazima ione hili," alisema.

"Zima taa," Bi Kimya alisema. "Baba, nakusihi. Zima taa hiyo."

Mumewe aliitwa, akaja na ngazi. Walishinda pangoni hadi jua kuzama, yeye akipanda, mke akimpa kitoto, na yeye akikibandika ukutani huku akikibembeleza kishike. Vingine vilishika. Vingi vilishika kwa muda, kisha vikaachia. Kesho yake walijaza ndoo tatu za vitoto vilivyokufa. Siku ya tano mama waliobaki waliondoka, wasirudi.

Alama za kundi lile zilipofika, kaka alizisoma akiwa amesimama. Tano, tano, tano. "Mwongozaji bora kabisa," mtu aliandika. "Alituruhusu kusogea karibu." Video ya yule mwenye kamera nayo ilitazamwa sana, na kwa wiki tatu wageni walimiminika, wamevaa huzuni, wakiuliza ni wapi hasa vitoto vilipoangukia. Bi Kimya alikataa kuwaongoza. Kaka akaajiri mwingine. Muuguzi alilipwa mwezi huo, wifi akajifungua salama mtoto wa kike, na Bi Kimya alimpakata akamlilia hadi wifi akaogopa.

Kisha habari ikaenea kwamba pango ni tupu, na wageni wakakatika. Zahanati ilifungwa kabla ya mwaka kwisha.

Miezi ikapita. Siku moja, akitafuta kuni nyuma ya kilima, Bi Kimya alisikia milio myembamba ikitoka kwenye ufa wa jiwe usiotosha hata bega la mtu. Alilala kifudifudi akasikiliza. Hawakufika hamsini. Alitoka pale kinyumenyume, akafuta nyayo zake kwa tawi.

Kaka yake alimkuta njiani, amekonda, shati limemlegea shingoni.

"Dada, watu wanasema popo wameonekana upande ule. Hata wachache wangetosha kuanzia. Kampuni ingerudi. Na mtoto ana homa siku ya tatu leo." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umewaona?"

Alimtazama usoni, kaka yake wa tumbo moja.

"Sijaona kitu," alisema, akajitwika kuni zake.