Mwambie Jirani Yako

Saa nne kasoro robo, baada ya wimbo wa pili, mchungaji alipangusa miwani yake akasema, kama kila Jumapili, "Mgeukie jirani yako, mwambie: utainuliwa!" Watu wakageukiana, wakaambiana, wakainuka. Walioambiwa kwa moyo walifika kwenye feni. Walioambiwa kwa kutimiza wajibu waliishia usawa wa madirisha, viatu vikining'inia. Mzee wa kanisa, kwa unene wake, alihitaji majirani wawili.

Mfagiaji alibaki chini. Alikaa mwisho wa benchi la nyuma, kulia kwake nguzo, kushoto ndoo yake, kwa hiyo jirani hakuwa naye. Tena ibada ikiisha, ndiye aliyewavuta wote chini kwa kamba, akianza na wenye watoto wachanga. Huu mwaka wa tisa. Alitamani kuinuka japo shibiri moja. Alitamani zaidi kuimba kwaya, lakini mwalimu wa kwaya alishamwambia, "Wewe ufagio unakutosha, mama."

Jumapili ile fundi viatu alichelewa. Akasogeza ndoo, akakaa.

"Dada," alimnong'oneza wakati ulipofika, "jana nilipita hapa nje, unafagia huku unaimba. Nilisimama mpaka nikasahau nilikokuwa nakwenda. Utainuliwa, haki ya Mungu."

Mfagiaji alifyatuka. "Nawe pia, kaka!" alipiga kelele akiwa njiani, na fundi akafuata. Mfagiaji akampita mzee wa kanisa, akamwamkia, akagonga bati kwa kisogo wala hakuumia. Alicheka hadi leso ikamdondoka. Akajaribu kuogelea hewani, akaweza. Raha ilimjaa mpaka kwenye kucha. Kwaya ilipoanza akaingia na sauti ya kwanza, na wimbo ukanoga hata wanakwaya wakapanda nusu mita zaidi.

Ibada ikaisha. Kamba ilikuwa sakafuni.

"Sasa nani atatushusha?" aliuliza mzee wa kanisa. "Mimi nina wageni mchana."

Wakashauriana huko huko juu. Mwalimu wa kwaya akajitolea, kwa kuwa alikuwa na uzoefu.

"Mama, ile sauti inakwaruza," alisema kwa upole.

"Na kwa umri huo, jamani," mke wa mchungaji akaongeza.

Wengine wakachangia, kila mtu neno dogo tu, kwa upendo. Mfagiaji akashuka shibiri kwa shibiri mpaka akakanyaga leso yake. Iliuma. Akashika kamba, akaanza na wenye watoto.

Jumapili iliyofuata fundi viatu alipangiwa kiti cha mbele, kwa heshima. Mchungaji akasema maneno yake. Mfagiaji akatazama kushoto, akaona ndoo. Akageukia kulia.

"Umebeba paa miaka yote hii na hakuna aliyekwambia asante," akaiambia nguzo. "Utainuliwa."

Nguzo ikainuka shibiri nzima, na paa pamoja nayo. Jua likaingia pande zote, watu wakapiga vigelegele. Kwenye matangazo, mzee wa kanisa aliipongeza nguzo kwa utumishi wake wa muda mrefu, ikapigiwa makofi.

Mfagiaji akachukua ufagio. Chini ya nguzo palikuwa hapajafagiwa tangu kanisa lijengwe. Akapafagia vizuri, huku akiimba sauti ya kwanza, kisha akaenda kuchukua kamba.