Uzi Mweusi kwenye Magurudumu

"… treni kitu gani, wifi, huyo kaleta macho," sauti ya Shangazi Zuhura ilitoka uani ikamfikia Swaumu pale ukumbini, kapiga magoti mbele ya kimeza cha ufundi cha marehemu baba yake, na mama akajibu kwa kunong'ona kwamba apunguze sauti, mgeni yupo chumba cha mbele, na shangazi akasema na asikie, mtu atoke Bagamoyo mjini, awapite mafundi wote wa sokoni, aje mpaka huku Kerege kwa binti wa miaka kumi na saba kwa ajili ya kidude cha betri, tena huyo mjukuu mwenye treni hakuja naye, na wewe wifi kama hujui kitu, mbona umemvalisha mtoto dera jipya… mama akasema mgeni hapokewi na matambara, na Swaumu akalitazama hilo dera, la kijani, lilinunuliwa kwa ajili ya Idi na Idi bado, akaivuta kwa kucha ile takataka nyeusi iliyojizungusha kwenye magurudumu ya kichwa cha treni, uzi, uzi mweusi mtupu, akautupa sakafuni, akakigeuza kichezeo upande wa pili… na waya ule unaotoka kwenye behewa la betri kwenda kwenye mota haukukatika, ulikatwa, ncha zake zimelingana kama kucha zilizokatwa Ijumaa, na baba alikuwa akisema waya ukijifia wenyewe huchanika nyuzi moja moja, kama kamba ya kisima, huu umepitiwa na mkasi, kwa hiyo kuna mtu aliyekaa akaiua treni nzima kwa makusudi ili apate sababu ya kubisha hodi hapa… kwani Mwajabu wa nyumba ya pili aliposwa vipi, si alikuja mama mmoja kuazima kinu, akakaa mpaka alasiri, akaomba maji ili amwone binti anavyotembea na bilauri, na kinu chenyewe hakukichukua, na mwezi haukuisha ubani ukafukizwa, na mgeni huyu, Bi Mwanaharusi, naye ameshaomba maji, amekunywa funda moja tu, tena amejiketisha mkekani akielekea mlango wa ukumbini, hatazami uso wala kiuno, anatazama mikono, mikono tu, anakagua kama imezoea mwiko au bisibisi… na lile neno lake la mlangoni, kwamba humo ndani kuna kitu, ni kitu gani kama si pete, na mama alilisikia akainama kupanga viatu, kwa nini ainame, tena jana usiku fomu ya chuo cha ufundi ilipowekwa mbele yake aisaini alisema tungoje kwanza mgeni wa kesho apite, kwa hiyo alijua, alijua yote, na usaili ni Jumatatu, na kila mwaka huambiwa mwakani, mwakani ya kwanza ilipita baba akiwa kitandani, ndipo alipoacha shule kidato cha pili, mwakani ya pili ikapita kwenye eda ya mama, hii ya tatu ndiyo wanataka kumpa mtu mwingine pamoja na yeye… "Unaendeleaje, mwanangu?" mgeni akauliza kutoka chumba cha mbele, na Swaumu akajibu kwamba anaendelea, Bi, tena akajibu kwa sauti ya upole ambayo hakuikusudia, akakasirika nayo, akafikiri, si rahisi tu, asiuunge waya, aseme imeshindikana, wapi na wapi msichana na mota, na mama wa watu aondoke na gari la jioni akatafute mkwe anayejua kupika… lakini vidole vilikuwa vimeshashika bisibisi, vidole vya baba hivi, havijui kuacha kitu kikiwa wazi, skrubu nne, kifuniko kikatoka, na hakuna pete, hakuna karatasi, ila katikati ya gia ndogo uzi ule ule mweusi, umebanwa, umekazwa, akauvuta kwa kibano ukaja na harufu ya mafuta ya nazi, na ndani ya uzi… nywele. Nywele laini za mtoto, zimesukwa kwa uzi, kipande cha msuko mzima kilichomezwa na magurudumu, nyingine zina vizizi vyeupe kwenye ncha, zimeng'oka, Mola wangu, mtoto kalala sakafuni na treni yake, ikapanda kichwani, ikakamata, ikawa inavuta tu na yeye analia, na bibi haoni swichi, anaona mkasi, anakata nywele, anakata waya, anakata chochote… kwa hiyo mtoto yuko nyumbani na kidonda kichwani, na mwenye akili gani apeleke nywele za mjukuu wake kwa fundi wa sokoni, zikae kwenye meza ya mtu asiyemjua, zipeperuke, ziokotwe na mwenye nia yake, hata nywele za kitanani hufukiwa chini, kwa hiyo amepita mafundi wote akatafuta nyumba, akatafuta mwanamke, akamtazama mikono, kumbe na yeye ananishuku, kumbe tangu saa ile tunashukuana wawili… na mama alinong'ona kwa sababu siri ya namna hii haipelekwi uani kwa Shangazi Zuhura, na mimi nimezitupa sakafuni, nimezitupa kwa kucha zangu, Swaumu akainama, akapapasa chini ya kimeza, unywele kwa unywele, hata ule uliojificha kwenye ufa wa saruji, akazifunga zote kwenye pindo la mtandio, fundo moja, la pili, ndipo akasokota waya, akafunga selotepu, magurudumu yakalia vrrr mara moja akayazima, na uani bado wanabishana, macho, treni, dera, na chumba cha mbele mgeni anakohoa, bado anangoja, treni atampa, na pindo hili atalifungua mbele yake, halafu na yeye ile fomu atampelekea mama leo leo, ana kwa ana, kalamu juu yake, asimame mpaka isainiwe, kama alivyosimama yule mama wa watu pale kizingitini, viatu havijavuliwa, treni kifuani kama mtoto mgonjwa, akasema, "Utakachokikuta humo ndani, mwanangu, usimwonyeshe mtu. Nirudishie mwenyewe, mkononi."