Kivuli cha Mama Kola

Asubuhi hiyo Mama Kola aligeuza kola ya shati la shule, akaitokeza ncha kwa mkasi uliofumbwa, akaiingiza chini ya sindano ya cherehani. Jua la dirishani lilimwingia kifuani, likatokea mgongoni, likaangukia meza ya nyuma alikoketi fundi wa vifungo.

"Asante, dada," fundi wa vifungo akasema. "Leo tundu la sindano naliona bila miwani."

"Usijali," Mama Kola akajibu, bila kugeuka.

Alikuwa ameanza kupitisha mwanga tangu msimu mmoja wa kufungua shule ulipoungana na mwingine. Zilitangulia kucha, vikafuata vidole, na sasa aliyeketi nyuma yake aliweza kusoma saa ya ukutani kupitia shingo yake. Karakanani hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Wenzake walilalamika mara moja tu, walipomgonga kwa toroli la vitambaa, na hapo akapewa kilemba chekundu ili aonekane.

Msimamizi alikuwa na mkono wa birika, ila macho yake hayakulala. Alipoona mwanga unampita, alimhamishia dirishani, akazima taa za safu nzima, akamsifu mbele ya watu kwa kuokoa umeme. Mama Kola alivimba kichwa, tusifichane. Likizo yake ilikuwa imesogezwa mbele miaka na miaka, na mwenyewe alisaidia kuisukuma, maana aliamini kwamba kola za mtu mwingine zingekwenda upogo.

Kilichomzindua kilitokea nyumbani. Alikuwa amejitupa kitini kupumzisha miguu, binti yake kitindamimba akaja na sahani ya chakula, akamkalia mapajani. Mtoto alidhani kiti ni kitupu. Alikula akamaliza, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, mama anarudi saa ngapi?"

"Si huyo umemkalia," baba akajibu, huku akiendelea kupiga pasi.

Mtoto akaruka kando. "Samahani sana," akasema, kwa adabu ya mtu aliyemkanyaga mgeni.

Samahani hiyo ilimkata Mama Kola maini. Mtoto aliyemzaa mwenyewe, anamwomba radhi kama abiria! Alilia, na machozi yake yakaonekana vizuri kuliko uso.

Kesho yake alimfuata msimamizi.

"Naenda likizo."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Na mwanga?"

"Washa taa, bosi."

Akamchukua binti yake wakaenda kwa dada yake mkubwa, mwanamke ambaye akifanya kazi anafanya kazi, na akilala amelala. Dada alimpokonya mkasi mlangoni, akauficha juu ya kabati. Siku za mwanzo zilikuwa taabu tupu. Vidole vya Mama Kola viliendelea kukunja ncha za shuka vyenyewe, na mara alikutwa kwenye pazia akikagua upindo.

"Acha hiyo!" dada akafoka. "Umekuja kupumzika au kunifanyia ukaguzi?"

Akaacha. Akalala usingizi wa pono, akaamka, akala, akakaa uani bila kushika chochote. Rangi ikaanza kumrudia kidogo kidogo kuanzia viwikoni, kama doa la chai linavyosambaa kwenye kitambaa. Mchana mmoja jua lilipowaka sana, binti yake alisogea, akaketi ndani ya kivuli chake.

"Mama, usiondoke hapo."

Mama Kola hakuondoka. Alikuwa na furaha ambayo alikuwa ameisahau hata jina.

Alirudi kazini mzito, mweusi wa kupendeza, na kiti kikalia alipokikalia. Kola zilimtoka zimenyooka kuliko zamani, na fungu lake lilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Nyuma yake fundi wa vifungo alivaa miwani.

"Umenizibia, dada."

"Pole. Nenda likizo na wewe."

"Msimu huu? Vifungo atashona nani?"

Msimamizi akaja, akakitazama kivuli kilivyolalia meza za nyuma.

"Umerudi na kivuli," akasema.

"Ndiyo, na sikiachi."

Akamhamishia ukutani. Kisha akapita mezani akiinua mikono ya mafundi kuelekea dirishani, mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua kitambaa dukani. Alipofika kwa fundi wa vifungo, akatabasamu. Kucha zilikuwa zimeanza. Fundi wa vifungo alibeba kopo lake kwenda dirishani, amevimba kichwa, na papo hapo taa zikazimwa tena.

Kila kengele ilipolia, Mama Kola alimpitia. "Twende, dada."

"Tangulia, namalizia fungu hili."

Msimu ulipokaribia kwisha, Mama Kola alitoka siku moja, akageuka nje kumtazama. Dirishani kopo la vifungo liliinuka kumuaga. Mama Kola akalipungia mkono, akaenda zake nyumbani, ambako siku hizi mtoto akimkalia, anajua amemkalia nani.