Mzee Yahaya Amfuata Nura Kigali

Mzee Yahaya, fundi wa magari wa Buyenzi, Bujumbura, alifariki Jumanne alfajiri. Kufika adhuhuri alikuwa ameshaoshwa, ameshavishwa sanda na kulazwa sebuleni. Fundo la kichwani halikufungwa. Ndiyo desturi: uso huachwa wazi mpaka wa nyumbani wote wamwone, na aliyebaki alikuwa mmoja tu, binti yake Nura, anayeishi Kigali.

Kutoka uwanja wa ndege wa Kigali hadi wa Bujumbura ni kilomita mia na sabini na kitu. Rubani asiye na haraka huzimaliza kwa nusu saa. Lakini mpaka wa barabara umefungwa, na ndege ya moja kwa moja hakuna. Iliyopo inakwenda kwanza Addis Ababa, abiria wanalala huko, kisha wanarudishwa kusini. Aliyebuni njia hiyo hana mzazi.

Nura alipiga simu akiwa uwanjani.

"Mama, nafika kesho midi, saa sita. Musimuzike baba."

"Kesho?" akasema mama yake, Assia. "Si hapo tu!"

Imamu alisikitika, lakini akasema maiti hangojwi. Watamzika baada ya Alasiri. Moubarak, mdogo wake marehemu, akagombana naye kidogo, kisha akakubali maana alijua ni kweli.

Mzee Yahaya aliyasikia yote. Enzi zake alipeleka gari Kigali asubuhi na jioni akala nyumbani, na mambo ya kipuuzi yalimchosha tangu zamani. Akaketi, akaikusanya sanda mkononi isiburute.

"Mi naenda kumuona mwenyewe," akasema.

"Vaa viatu," Assia akamwambia.

"Vya nini?"

Wanaume waliokaa mikekani nje wakampisha. Akanyanyuka juu ya mabati, akaelekea kaskazini. Alipoondoka, wanawake walikuwa wanachagua mchele. Ulipokuwa unapakuliwa, akaingia.

"Hayuko," akasema kwa hasira. "Nimebisha mpaka mukono unauma. Jirani anasema ameshaenda Addis."

"Basi umungoje," Assia akamwomba. "Kesho si mbali."

"Imamu amesema apana. Mufunge."

Akalala. Moubarak akalifunga fundo.

"Maiti amefika Kigali na kurudi," akafoka, "na muzima bado yuko njiani!"

Wakamswalia, wakamzika.

Kesho yake Nura akaingia, miguu imevimba. Mama yake akamsimulia jinsi baba alivyomfuata.

"Najua," Nura akasema. "Ndege ilipopanda tu nilichungulia dirishani, nikamuona kwa mulango wangu, na sanda yake, anabisha. Nikapigapiga kioo. Nikaita ule mudada wa ndege, nikamwambia, baba yangu ni ule pale chini, munishushe."

"Akasema nini?"

"Alichungulia, akamuona. Akanipa pole. Akasema nikae, nifunge mukanda."

Assia alitaka kulia, lakini machozi yalikuwa yameisha jana. Akamsogezea mwanawe sahani, akamuuliza anarudi lini.

"Ijumaa," Nura akasema. "Nafika Jumamosi."