Zamu ya Trela

Kila asubuhi, kwa miaka yote ya ndoa yao, Suleiman alitoka nyumbani kwao Jomvu Kuu kwenda kazini, na akifika kwenye kona ya msikiti hugeuka nyuma kumtazama mkewe. Mwanamkasi husimama mlangoni, leso begani, vyombo vya chai vikimngoja ndani, akisubiri huko kugeuka. Hakupunga mkono. Alitazamwa, basi, na hilo likamtosha mpaka jioni. Zamani walipokuwa hawana kitu, Suleiman aligeuka akiwa kwa miguu; alipopata baiskeli, aligeuka nusura aingie mtaroni; na alipofungua ofisi yake ya kutoa magari bandarini, akajinunulia V8 nyeusi yenye viti vya ngozi, aliteremsha kioo akatoa kichwa nje.

Kisha likaja lile gari dogo.

Lilikuwa jekundu, la milango miwili, lililoundwa kabla yeye na mkewe hawajazaliwa, na Suleiman aliliagiza kutoka ng'ambo baada ya kuliota mwaka mzima. Hakutaka likanyage lami. Alisema chumvi ya huku italila na vumbi la barabarani litalichubua, na kwa kuwa alikusudia kulipeleka Nairobi kwenye maonyesho ya magari ya kale, akalinunulia trela lililofunikwa pande zote, lenye mlango wa nyuma unaoshuka na zulia sakafuni. Gari likaingizwa, mlango ukafungwa, likawekwa ndani kama mwali. Tangu siku hiyo Suleiman akifika kona ya msikiti alitazama mbele tu.

Mwanamkasi akaona wivu. Hapa hapana haja ya kuzungukazunguka. Haikuwa huzuni, wala hofu ya mali kuteketea; ulikuwa wivu, ule unaomfanya mtu auache mkate mezani. Mwanamke mwenzake angekutana naye arusini, akamkagua toka utosini hadi kisiginoni, akamtoa kasoro, roho ikatulia. Huyu alikuwa amefungiwa, na ufunguo anao mume.

V8, kwa ukubwa wake wote, haikuja na kitu cha kuvutia trela. Suleiman akaipeleka Changamwe kwa Wafula, fundi aliyefanya kazi chini ya mabati kando ya barabara ya malori, ambako trela lilikuwa limewekwa na gari ndani yake. Wafula akaingia chini ya gari, akapima, akafunga chuma kinene kwenye chasisi, na kwenye ncha yake akatia kile kipira cha chuma kinachokaliwa na shingo ya trela. Jioni ile komeo la mlango wa chumbani kwa Mwanamkasi halikuwepo. Palibaki matundu ya skrubu, wala mwizi hakuingia. Mwanamkasi akaegemeza kigoda mlangoni, wakalala.

Fundi alipounga nyaya za taa za trela, taa za nyumba zikazima. Hazikuungua. Tangu hapo ziliwaka nyekundu kila Suleiman alipokanyaga breki, popote alipokuwa, na akikata kushoto ile ya ukumbini hupepesa, akikata kulia hupepesa ya jikoni. Wake wengine wenye wivu hulazimika kuulizia watu. Mwanamkasi aliinua macho tu. Mwanatabu, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akaketi, akatazama juu.

"Shoga, mumeo akata kushoto."

"Aenda Changamwe kulitazama."

"Leo tena?"

"Na jana pia."

Taa zote zikawaka nyekundu, zikakaa hivyo kitambo, zikazima.

"Amefika," akasema Mwanatabu, akachukua mbuzi akaenda zake.

Wafula akasema mzigo ule utaikalisha V8 chini kwa nyuma, akaiongezea springi. Kitanda cha Mwanamkasi kikabonyea upande wa Suleiman, hata Suleiman asipokuwepo. Kisha vikaja vioo vya pembeni, virefu vya kutokeza, ili dereva aone ubavu wa trela. Hapo Mwanamkasi aliumia. Alikaa mbele ya kioo cha kabati apake wanja, na ndani ya kioo mlikuwa na kitanda, dirisha, na leso kwenye msumari, yeye hakuwemo. Akapaka kwa kukisia. Mwanatabu alimwambia jicho la kushoto limezidi.

Siku trela lilipoletwa nyumbani, Wafula alikuja nalo. Walilisimamisha kwenye uwanja wa pembeni, chini ya dirisha la chumbani, na Mwanamkasi akamtolea fundi maji kwa adabu, maana ugomvi wake haukuwa na fundi.

"Asante mama," akasema Wafula. "Sasa imebaki kamera ya nyuma tu. Bosi akirudi rivasi kufunga trela haoni kipira. Ukiweka kamera ana skrini pale mbele, anaangalia nyuma saa yoyote anataka. Hata shingo hageuzi."

Mwanamkasi akasimama na bilauri tupu mkononi, akilifikiri neno hilo.

Yote hayo aliyameza. Lililomshinda ni chetezo cha kuchomea udi. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, anataka kufukiza nguo za kuendea arusi Mtopanga, na chetezo hakipo mahali pake. Udi aliusikia unatoka nje. Akaufuata mpaka nyuma ya trela, mlango umeshushwa, na ndani akamwona Suleiman amechutama, chetezo mkononi, akikipitisha polepole chini ya milango ya gari, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akifukiza kitanda chao tangu arusi yao. Kitambaa cha kulifunika kilikuwa kimekunjwa nusu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuliona. Lilikuwa dogo, limeviringana vizuri, linang'aa kila upande. Aliitafuta kasoro asiione, na hilo likamuuma kuliko yote.

"Udi wangu huo."

"Kidogo tu. Ndani mna harufu ya rangi."

"Udi wa chumbani huo, Suleiman."

"Na hapa si chumba?" akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

Mwanamkasi akavaa buibui, akaenda kwa Ami Jafar, baba mdogo wa Suleiman, aliyemlea na ambaye neno lake nyumbani kwao halikupingwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu komeo, taa na kioo hakuuliza kitu. Aliuliza kuhusu udi. Alasiri akafika na bakora yake, akalizunguka trela mara moja, akagonga ubavu kwa vidole, akaketi barazani. Mwanatabu na wanawake wengine wawili wakakumbuka kuwa wana mchele wa kuchagua uani palepale.

"Suleiman."

"Labeka, Ami."

"Wamfukizia?"

"Namfukizia."

"Na kulala, walala huko?"

"Mara mojamoja. Joto likizidi ndani."

"Basi huyo ni mke," akasema Ami Jafar. "Hapana la kuficha, na si haramu. Lakini mke mkubwa ana haki yake. Utagawa zamu, leo hapa, kesho kule, na wallahi usimpunje. Na umpe kitulizo chake, zawadi ya kumtuliza moyo, kama desturi. Mtu hawekewi mwenziwe kimyakimya."

"Inshallah, Ami. Nitampa." Suleiman alionekana ametuliwa mzigo. Alidhani angeambiwa auze.

Mzee akamgeukia Mwanamkasi. "Haya, mwanangu. Sema utakacho."

Wanawake wakaacha kuchagua mchele. Mwanatabu akamkonyeza, akajishika shingoni kumwonyesha aseme kidani. Mwanamkasi hakumtazama.

"Nataka kamera ya kuangalia nyuma," akasema. "Ifungwe kwenye gari lake."

"Kamera?"

"Naam, Ami."

"Hicho ndicho kitulizo?"

"Ndicho hicho."

Ami Jafar akafikiri, akaona hakuna kitabu kinachokataza. "Mpe," akasema.

Wafula aliifunga juu ya namba ya gari, ikitazama kipira. Suleiman alipowasha skrini, alimwona Mwanamkasi amesimama hapo nyuma, leso begani, kama alivyosimama mlangoni miaka yote. Alimwona Jomvu, akamwona Mikindani, na akiwa na trela siku ya majaribio alimwona mpaka Mazeras: amesimama palepale, katikati ya V8 na trela, gari likienda kasi na leso haipepei. Mwenyewe alikuwa nyumbani akisonga ugali. Na kioo cha kabati kikamrudisha, uso na mabega na vyote, kwa kuwa sasa kilionyesha kile kilichoonwa na kamera.

Zile siku Mwanamkasi alipendeza. Alipaka wanja akiuona, akatia asmini nyweleni, akabadilisha leso asubuhi na alasiri. Zamu zilikwenda kwa haki. Siku za trela alisikia mlango wake ukishushwa chini ya dirisha na udi ukipanda, akageuka upande wa pili wa kitanda, ambako hakukubonyea. Wivu haukumtoka, lakini sasa ulikuwa na pa kukaa.

"Leo nilikuona Mazeras," Suleiman alimwambia wakila.

"Nilivaa leso gani?"

"Ile ya manjano."

"Umeona vizuri," akasema, akamwongezea mchuzi.

Ukafika wakati wa maonyesho. Asubuhi ya safari Suleiman aliingia ndani ya V8, akaanza kurudi nyuma polepole alifuate trela. Ilimpasa kukilenga kipira chini ya shingo ya trela, lakini kipira hakikuonekana. Kilikuwa nyuma ya Mwanamkasi. Akakisia. Chuma kikakosa, kikaikwaruza pua ya trela, rangi ikatoka. Suleiman akashuka, akapapasa pale palipochubuka.

"Mwanamkasi!" akaita. "Hebu sogea kidogo!"

"Abee!" Alikuwa jikoni akimfungia mikate ya safari. Akasogea mpaka upande wa dirisha. Suleiman akarudi kwenye usukani, akatazama skrini, akamkuta palepale. Akampigia simu Wafula.

Wafula alifika na bisibisi, akachutama nyuma ya V8. Mwanamkasi aliposikia sauti yake chini ya dirisha, alifuta mikono, akaingia chumbani, akakaa mbele ya kioo.

"Nishushe mpaka wapi, bosi?"

"We shusha, nitakwambia."

Kwenye kioo utosi ulitoweka, na asmini zake, kisha macho na wanja wake.

"Hapo?"

"Bado. Shusha."

Ikaondoka shingo, likafuata bega lenye leso.

"Hapo je?"

"Nakiona kiuno bado. Kinaziba. Shusha tena."

Mwanamkasi hakuondoka. Angeweza kupiga kelele dirishani, na watu wangekuja, na Ami Jafar angeitwa tena. Lakini kitulizo alikitaja mwenyewe mbele ya mashahidi, na akapewa.

"Na hapo?"

 Kisha akasikia sauti ya mumewe, imetulia, ile sauti ya mtu aliyepata nafasi ya kutosha.

"Hapo sawa. Naona miguu yake na kipira. Hapo kaza."

Trela likafungwa, minyororo ikapitishwa, taa zikajaribiwa. Ya ukumbini ikapepesa, ya jikoni ikapepesa. Ami Jafar alikuwa amekwisha ulizwa juu ya zamu za siku za safari, akajibu kwamba anayesafiri na mume siku hizo ni zake, hazilipwi. Suleiman akaingia kuaga. Alichukua mikate, akamwambia mkewe abaki salama, akamwombea dua, wala hakuwa na uwongo katika hayo. V8 ikanguruma, trela likaifuata, na udi ukabaki uwanjani.

Mwanamkasi alitazama kioo. Mlikuwa na sakafu, ukingo wa leso, na miguu yake miwili, mikavu, yenye vumbi la unga kwenye vidole. Aliitazama kwa muda. Kisha akafungua dirisha.

"Shoga!"

"Abee!"

"Una hina?"

Mwanatabu alikuja nayo kwenye bakuli, imekwisha korogwa, kwa kuwa alikusudia kujipaka mwenyewe kwa arusi ya mtaani Ziwa la Ng'ombe. Akaketi chini, akauweka mguu wa mwenzake mapajani, akaanza ua la kwanza penye kifundo. Hakuuliza kwa nini miguu na si mikono. Juu yao taa zikawaka nyekundu.

"Amefika kona ya msikiti," akasema Mwanatabu. "Hii haijashika bado, shoga. Atapita."

"Apite," akasema Mwanamkasi. "Itakuwa imekauka akifika Mariakani akaangalia nyuma." Akanyoosha mguu wa pili.