Kidole cha Chuma Ndani ya Pampu

Asubuhi za Julai ukungu wa Dowa hulala chini, unene wake mpaka kiunoni, na mtu anayetembea mbele yako huonekana hana miguu. Ndivyo nilivyomfuata baba mdogo Melchior kwenda kwenye mashine ya kusaga, katika mwaka wetu wa pili kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Yeye alielea mbele. Mimi nilielea nyuma na kopo la mazutu kichwani, yaani dizeli ya injini, na mara nyingi sikuwa na hakika kama nimekwisha kuamka.

Mashine ilikuwa mali ya kundi la akina mama wa parokia. Injini ndogo ya dizeli, silinda moja, gurudumu zito ubavuni, na mkanda mrefu wa kuzungusha kinu. Ration ya mahindi ilitoka kila mwezi, punje kavu, na bila mashine ungeyatwanga mpaka mikono ife ganzi. Baba mdogo ndiye aliyeiendesha. Kabla ya kukimbia alikuwa ameendesha injini ya kukamulia mawese kule Rumonge, kwetu Burundi, kando ya ziwa, kwa miaka kumi na saba. Injini ile ilimpa kazi na ikamla masikio.

Hapo Dzaleka hakuna aliyejua kwamba hasikii, ila mimi. Ukimkabili na kusema polepole, aliyasoma maneno kwenye midomo yako. Ukiwa nyuma yake, ulikuwa hupo. Kwa hiyo nilisimama karibu naye siku nzima. Mlio ukiwa mzuri niligusa kiwiko chake. Ukibadilika nilivuta shati lake, naye aliinama mara moja kama mtu aliyesikia mwenyewe. Nani angemwachia kiziwi mashine? Na bila mashine angekaa ukutani na wanaume wengine, akitazama barabara ya Dowa mpaka jua lizame.

Alikuwa na njia yake moja ya kusikia. Alichukua tornavisi, bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya pampu ya mazutu, akauma mpini kwa meno na kufumba macho. Alisema mlio humpitia mifupani. Siku moja nilijaribu. Injini ilinijia kichwani kama sauti ya mtu anayeongea chini ya maji, tulivu, yenye huruma. Tangu siku hiyo niliiota usiku, na ndotoni ilikuwa ikiongea Kirundi.

Jumatatu ile haikuwaka.

Baba mdogo alizungusha manivela, mkono wa kuwashia, mpaka jasho likamtoka katika baridi. Gurudumu lilizunguka, likapumua, likasimama. Injini iliyo nzima, ukiizungusha kwa mkono, injekta yake, inayopuliza mazutu ndani ya silinda, hulia mara moja kila mzunguko, krrik, kama chura mdogo kwenye matete. Nilitega sikio. Hakuna chura. Nikamtikisia kichwa.

Akalegeza nati ya filta, mazutu yakatoka bila povu. Akalegeza ile ya pampu, yakatoka pia, safi, hakuna hewa ndani. Kisha akafungua bomba jembamba linalokwenda kwenye injekta, akanionyesha nizungushe manivela. Hapo mazutu yalipaswa kuruka kama mate ya nyoka. Yalilowesha tu tundu la bomba, yakakaa.

“Mafuta yanafika kwa pompe,” alisema, akitazama mikono yake. “Kwa pompe hayatoke. Imekula.”

Alimaanisha imelika ndani kwa uzee.

Nje wanawake walikuwa wamepanga mabeseni yao kwenye ukungu. Mama Godelive, mshonaji kutoka Bukavu, alichungulia mlangoni.

“Ehe! Mashine iko nafunga? Karema si ilipita?” Karema kwao ni Kwaresima.

“Iache, ni mkatoliki kuliko wewe,” alisema mwingine, wakacheka.

Mama Thacienne, mkuu wa kundi, hakucheka. Alisimama mbele ya baba mdogo, mikono kiunoni.

“Melchior, ndugu yangu, ration inatoka Alhamisi. Kama Alhamisi hii kitu iko kimya, tutamwita yule fundi Gélase. Kila siku ananisumbua eti yeye na mapompe banajuana.”

Baba mdogo aliinamisha kichwa kwa heshima. “Itawaka, mama.”

Siku ile kambi nzima ilikuwa kimya ajabu. Sikuwa nimejua kwamba mashine ndiyo iliyoishikilia ardhini. Sasa nyumba za udongo zilionekana nyepesi, kama zingeweza kuondoka na ukungu.

Jumanne alfajiri tulipanda matola, pikapu iliyobeba viazi, kwenda Lilongwe. Pampu ilikuwa mapajani mwangu, imefungwa kwenye kitenge, nzito na baridi kama mtoto aliyelala. Njia nzima nilidhani naisikia ikipumua.

Mtaani Chilinde, nyuma ya soko, alikuwapo mtu wa Bukavu aitwaye Balagizi, aliyefika Malawi kabla yetu. Alitengeneza pampu tu. Redio za majirani zililia pande zote, lakini kibandani mwake palikuwa na meza moja iliyotandikwa kitambaa cheupe, naye alinawa mikono kwa sabuni kama padri kabla ya kugusa chochote.

“Karibu, papa. Mulete mugonjwa tumuone.” Nilimpa pampu, nikanong’ona kwamba imekula.

Aliifungua pampu polepole, akapanga kila kitu mahali pake kwa mpangilio aliokitolea. Ndipo nilipokiona kwa mara ya kwanza: kidole cha chuma, kifupi kuliko changu, laini kuliko maji, ndani ya nyumba yake.

“Hiki njo kinasukuma mazutu,” alisema. “Kinapanda, kinashuka. Kati yake na hii nyumba yake, hata unywele haupite. Nani alisema imekula?”

Nilielekeza macho kwa baba mdogo.

“Haikukula. Imenata. Angalia.” Alikisukuma juu. Kikakaa huko huko, hakikurudi. “Ressort, hii springi, inakivuta, chenyewe kinakataa. Kikibaki juu, kitasukuma nini?”

Alikitoa kwa nguvu kidogo, akakifuta, na kitambaa kikashika doa la rangi ya asali. Akalinusa, akacheka mpaka akakaa.

“Papa! Munapikia mandazi ndani ya pompe?”

Baba mdogo alikuwa amempa mgongo, akitazama pampu kubwa ya lori iliyoning’inia ukutani. Hakugeuka.

“Papa?”

Balagizi akanitazama mimi. Kicheko kikamwisha.

“Hasikii,” alisema. Nikaangalia miguu yangu. “Na injini anaisikiaje?”

Nilichukua bisibisi iliyokuwa mezani, nikaweka ncha kwenye pampu na mpini kwenye meno. Alitikisa kichwa taratibu, si kwa dharau.

“Na nani anabeba mazutu?”

“Mi,” nilisema.

“Ndani ya nini?”

Tangu Pasaka bidoni yetu, dumu la mazutu, ilikuwa imechukuliwa ya kutekea maji, na mimi nilitafuta makopo mawili ya bati, yale ya mafuta ya kula ya ration. Baba mdogo alikuwa akinifundisha jambo moja kila siku: maji ni adui wa pampu, tone moja tu linatosha kuiua. Kwa hiyo makopo sikuyaosha. Niliyageuza yachuruzike usiku mmoja, nikayafuta kwa kitambaa, nikatia mazutu. Na kila mwezi makopo yalipotoboka nilichukua mapya.

Nilimwambia yote hayo. Sikumbuki kama niliwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mgeni.

“Kwa hiyo maji uliyaogopa,” alisema Balagizi, “mafuta ya kula hukuyaogopa.”

“Nilifikiri mafuta na mafuta ni ndugu.”

“Ni bandugu, ndiyo. Hawa bandugu hawalale nyumba moja. Mafuta ya kula yanapata moto kwa pompe, yanakauka, yanakuwa gundi. Ikija baridi ya kwenu kule, kwisha.”

Alilaza kidole kile ndani ya mafuta ya taa, akakisafisha kwa kijiti na kitambaa tu. Kisha akakilowesha mazutu safi, akakirudisha nyumbani mwake, akakivuta nusu nje na kusimamisha vyote wima mbele ya dirisha.

“Sasa usipumue.”

Akakiachia. Kidole cha chuma kilishuka chenyewe, polepole, bila kuharakishwa na mtu, kama mwanamke anayeingia ziwani asubuhi na hataki kuyaamsha maji. Mwanga ulikuwa juu yake. Kilipofika chini nilijikuta machozi yananitoka, na sikujua ni ya nini.

“Njo vile kinapaswa kushuka,” alisema Balagizi. “Iko muzima kabisa. Mukifika, muoshe tanki kwa mazutu, mubadilishe filta. Na injekta mulete niione kama haitalia.” Malipo alikataa kutaja. “Siku moja nitakuja kula bugali yenu. Na yale makopo, mufanyie taa.”

Baba mdogo alikuwa amekichukua kile kitambaa chenye doa. Alikinusa, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni.

Tulirudi tumekaa juu ya magunia matupu. Karibu na njia ya kuingia Dowa, bila kunitazama, alisema, “Rumonge tulikuwa na mawese kila mahali. Bidoni za mawese upande huu, za mazutu upande ule. Hata mlevi alijua. Kwa hiyo sikukwambia. Kosa ni langu.”

Nilimgusa mkono ili anitazame. Hakutaka.

“Mama Thacienne akiuliza, nitasema ni mimi niliyetia mazutu kwenye makopo yale. Wewe nyamaza. Kunyamaza unakujua.”

Jumatano tuliosha tanki, tukabadilisha filta, tukarudisha pampu. Usiku niliota kidole kile kikishuka, kikishuka, na hakuna chini.

Alhamisi wanawake walijaa hata kabla ukungu haujaondoka. Mahindi ya ration yalikuwa yametoka, na mabeseni yalipangwa mpaka nje. Baba mdogo alikuwa ameshika spana, anataka kutoa hewa. Mama Thacienne akamzuia.

“Kwanza utuambie. Ugonjwa ulikuwa nini?”

Alisimama wima akamkabili. “Ni mimi, mama. Niliweka mazutu ndani ya makopo ya mafuta ya kula. Yakaganda kwenye pompe.”

Wanawake waliguna. Mtu akasema nyuma, “Na tunamwita fundi!”

“Basi, Melchior,” alisema mama Thacienne, na sauti yake ilikuwa ya huzuni zaidi ya hasira, “uiwashe leo, watu wapate kula. Kesho nitaongea na Gélase.”

Baba mdogo aliinamisha kichwa, akageuka, akainamia pampu. Akaanza kulegeza nati. Povu likatoka, likatoka tena.

“Si yeye,” nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Hata mimi nilijisikia kwa mbali.

“Si yeye! Ni mimi!”

Wakanigeukia wote. Nikasema makopo, nikasema Pasaka, nikasema jinsi nilivyoogopa maji. Maneno yalinitoka bila mpangilio.

“Huyu mutoto anasema!” alinong’ona mama Godelive. “Kumbe iko na sauti.”

“Melchior,” alisema mama Thacienne kwa mgongo wa baba mdogo, “ni kweli?”

Mgongo haukujibu. Baba mdogo alifuta povu kwa kidole, akaendelea.

“Melchior!”

Aliendelea. Nikaona jambo lile likipita kutoka uso hadi uso, mpaka likafika mlangoni.

“Hasikii,” nilisema. “Tangu Rumonge. Yeye anajua mashine, mi namsikilizia.”

Nilidhani mama Thacienne atauliza tulimdanganya kwa nini. Badala yake alionyesha manivela kwa kidevu.

“Washeni.”

Mazutu yalikuwa yanatoka safi sasa. Baba mdogo alikaza nati, hajui lolote, akashika manivela. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu: krrik. Nikagusa kiwiko chake. Akazungusha kwa nguvu zake zote, nikaangusha wenzo mdogo wa kufungia hewa ndani ya silinda, na injini ikakohoa moshi mweupe, ikajikusanya, ikaanza kutembea. Ukuta ukatetemeka. Nje, nadhani, nyumba zilirudi ardhini.

“Sasa angalia,” alipiga kelele mama Godelive, “sisi litre moja ya mafuta kwa mwezi, na mashine nayo ilikuwa nakula ration! Iandikishwe karata ya ration basi!”

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Thacienne alizunguka injini nzima, akipita kati ya mkanda na ukuta, kitenge chake akikishika kisinaswe, mpaka akafika mbele ya uso wa baba mdogo. Hakupaza sauti. Alifungua mdomo wake vizuri, neno kwa neno.

“Mubaki. Wote wawili.”

Baba mdogo aliutazama mdomo ule. Kisha akawatazama wanawake, mmoja mmoja, na nikaona ameelewa kwamba wanajua. Uso wake ulibadilika kama uso wa mtu anayeamshwa. Niliogopa atanikasirikia.

Alinigeukia. Kwa mara ya kwanza mbele za watu, kwa sauti kubwa isiyojijua, sauti ya mtu aliye mbali sana ng’ambo ya maji, aliniuliza, mkono wake juu ya injini:

“Fidès! Inasema nini?”