Kifuko cha Mpiga Klarineti

Daktari Smaranda Hriscu alitazama kipande kile cha nyama kwenye hadubini mpaka shingo ikamuuma. Kilikuwa kimekatwa kwenye kifuko cha maji kilichoota taya la juu la Toader, mpiga klarineti wa harusi kutoka mji wa Târgu Frumos, katikati ya chonge na jino linaloifuata kwa mbele. Ukuta wa kifuko ulikuwa mwembamba, uso wake umejikunja kama bati, na chembe za chini zimejipanga kama askari kwenye gwaride. Hakuwa na shaka. Hiki kilikuwa kifuko cha gamba, kilichozuka kwenye masalia ya kitu kile kile kinachoumba meno. Na sifa yake mbaya ni kurudi.

Akapeleka majibu kwa Profesa Lupașcu, aliyemfanyia Toader upasuaji. Profesa aliyasoma, akacheka.

"Binti yangu, kiko wapi hiki? Si kati ya chonge na jino la mbele?"

"Ndiyo, Profesa."

"Basi ni kifuko cha mshono. Uso wa mtoto unapoungana tumboni, ngozi hunaswa katikati. Nimefundisha hivyo tangu wewe unanyonya."

"Profesa, hapo hapana mshono wa kunasa ngozi. Jina hilo lilishafutwa. Mahali si ukoo! Mtu akikutwa sokoni, ndiyo kusema kazaliwa sokoni?"

"Umekuwa mwalimu wangu sasa?"

"Ukimwandikia kifuko cha mshono, kisichorudi, ataambiwa amepona. Anahitaji eksirei kila mwaka."

"Amepona. Funga mlango ukitoka."

Alifunga, tena kwa kishindo. Ukumbini akamkuta Toader amekaa na sanduku la klarineti mapajani, shavu limevimba, akingoja basi la kwao.

"Bwana Toader, usikose kurudi mwakani tupige picha ya taya. Hicho kifuko kinaweza kuota tena."

"Profesa kasema nimepona."

"Mimi nasema urudi."

"Sasa nimfuate nani? Kakubalianeni kwanza huko ndani, ndipo mniite!" Akainuka, akaenda zake.

Smaranda alimwandikia, hakujibiwa. Alipiga simu, mkewe akasema yuko harusini. Msimu wa harusi ulipita, ukaja mwingine, daima yuko harusini. Kwenye mikutano ya idara Smaranda alilisema jambo lile hata wenzake wakaanza kumtania. "Haya, Smaranda, leo mshono umefumuka?" Naye hucheka nao huku meno ameyauma.

Mwaka wa tatu Toader alirudi. Kila alipopuliza klarineti, hewa ilimvuja pembeni mwa midomo. Chonge ilikuwa ikicheza mdomoni. Kwenye picha, kifuko kilikuwa kimekula mfupa hadi karibu na pua. Alipasuliwa tena, na safari hii alipoteza chonge na jino la jirani.

Smaranda akadhani sasa profesa atakiri. Profesa alisimama mbele ya idara nzima, akanyoosha kidole kwenye picha. "Mnaona? Nimewaambia siku zote. Vifuko vya mshono vingine hurudi."

Hakuna aliyecheka. Wenzake waliinamia daftari zao, wakaandika. Smaranda akachukua kalamu na karatasi, akatoka.

Alimkuta Toader wodini, mdomo umefungwa pamba. Akamwambia jina halisi la ugonjwa wake, polepole, akamchorea na ukuta ule wa bati. Toader akatazama mchoro.

"Hili jina," akasema kwa taabu, "ungelijua tangu mwanzo..."

"Nililijua tangu mwanzo!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Toader akamshika Smaranda mkono.

"Basi mwakani nitakuja. Kwako wewe, si kwa yule."

Alikuja kweli, na mwaka uliofuata pia, mfupa ukawa unajaa. Kupuliza alijifunza upya kwa meno ya bandia, ingawa mwenyewe anasema sauti za juu hazijarudi zote. Na kila vuli, ghorofa ya pili ya hospitali, Profesa huwafundisha wanafunzi wapya kwamba kati ya chonge na jino la mbele pana mshono. Smaranda huwafundisha kinyume ghorofa ya tatu. Kwenye mtihani, wengi huandika la profesa.